Eti "mechi yenyewe iko ng'ambo"! Huyu mtu leo amenivuruga kabisa

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari hapa maegesho ya Ridder Arena. Hita nimeiwasha mpaka mwisho na bado natetemeka, na si kwa baridi. Jina simtaji. Mnamjua wote. Yule yule wa "mimi ndiye niliyewapokea wengi wenu hapa Minneapolis". Yule wa koti la bluu pana kama godoro la sita kwa sita.

Leo alasiri wasichana wa Gophers, timu ya hoki ya barafu ya Chuo Kikuu cha Minnesota, walikuwa uwanjani. Wiki tatu nzima nimehangaika kuwabembeleza watu wa kikundi chetu waje, tujaze safu mbili, tupige vigelegele vya kwetu mpaka barafu iyeyuke. Wakaja watu kumi na saba. Moyo wangu kweupe.

Kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, mbili kwa mbili, zimebaki dakika nne. Dakika NNE, jamani! Kipa wa wageni yuko chini, kile kisahani cheusi kinagonga kioo mbele yetu paa! paa!, fimbo zinagongana, hakuna anayepumua. Huyu bwana akainuka. Akafunga zipu ya koti polepole, krrrrrr, kama yuko sebuleni kwake. Akageuka akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Haya twendeni tukawahi viti, mechi yenyewe iko ng'ambo."

MECHI YENYEWE.

Kwa msiopajua, ng'ambo ni Mariucci, jengo lililoshikana na hili, wanakocheza wanaume. Mechi yao ilikuwa bado masaa mawili na nusu ianze! Hata taa walikuwa hawajawasha! Na watu tisa wakainuka kumfuata kama vifaranga.

Sasa sikieni. Kusimama kwenyewe alisimama mbele YANGU. Goli la tatu likaingia nyuma ya lile koti. Nimesikia honi, nimeona watu wanakumbatiana, goli sikuliona. Nimeona zipu.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, anacheza hoki timu ya watoto wa mtaani kwetu, Jumamosi anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini kabla hata jogoo hajawaza. Alikuwa kulia kwangu na jezi yake inayomfika magotini. Akanivuta mkono: "Mama mdogo, kwani hii siyo mechi?" Nikakosa la kumjibu, koo limenikaba.

Hao wanaume anaowawahia viti, ubingwa wa vyuo mara ya mwisho wameuchukua 2003. Aliyezaliwa siku ile leo ana ndevu! Wasichana baada ya hapo wamechukua 2004, 2005, 2012, 2013, 2015 na 2016. Msimu wa 2012/13 walicheza mechi 41 wakashinda zote 41. Na hii Ridder, tangu 2002, ndiyo uwanja wa kwanza wa chuo nchi hii kujengwa kwa ajili ya hoki ya wanawake. Umekaa kwenye nyumba waliyojengewa wasichana, kwenye kiti chao, unasema mechi iko kwa jirani!

Sitaki ushauri. Ile zipu bado inalia masikioni. Krrrrrr. Na dakika nne zimebaki.

Mpishi wa Burnsville: Pole sana mdogo wangu. Yule ndiyo desturi yake. Harusi ya Septemba aliondoka maharusi hawajaingia ukumbini, na sahani mbili za pilau keshazifunika kwa foili.

Kijana wa Lindi: Uzi wote huu kwa sababu ya zipu?? 😂😂 Dada, mchezo wenyewe kisahani hakionekani, hata angekaa chini usingeliona goli.

Mwenye uzi: Kisahani nakiona toka mwaka wa kwanza nafika hapa. Ningeliona. Lilikuwa mbele yangu kabisa mpaka likaja koti!

Mluo wa Madison: Mnagombania makombo huko. Sisi Wisconsin, wasichana wetu wa chuo mpaka 2025 walikuwa na vikombe nane, na hicho cha 2025 tulikuja kukichukulia humo humo Ridder kwenu. Tuko nyuma bao moja dhidi ya Ohio State, zimebaki sekunde zisizofika ishirini, tukapata penalti, tukasawazisha, tukaua muda wa nyongeza, nne kwa tatu. Huyo wenu angekuwa keshafika kwenye gari.

Mwenye uzi: Umeniumiza, ila ndicho ninachosema! Mechi haiachwi!

Mama Nyambu, Nairobi: Hapa kwetu wanaocheza hoki wamejifunzia ule uwanja mdogo wa Panari, Mombasa Road, wasichana na wanaume wanagawana barafu hiyo hiyo. Ng'ambo kuna barabara na matatu. Nyinyi mna viwanja viwili vimepakana na bado mnalia.

Dereva wa Brooklyn Park: Mimi sina shida na hoki. Shida yangu ni kwamba leo nimembeba yeye na wenzake wanne kwenda na kurudi, petroli hakuna aliyechangia hata dola moja. Maegesho nimelipa mwenyewe. Na ameniachia theluji ya viatu kwenye zulia la gari.

Kijana wa Lindi: Kaka, wewe ndiye ulikuwa wa pili kuinuka, nimeona picha.

Dereva wa Brooklyn Park: Ningefanyaje na funguo ziko kwangu?

Mpishi wa Burnsville: Kwa kuwa mmeanza kudai, nami nadai. Sufuria yangu kubwa ya pilau ilichukuliwa Iddi, mpaka leo kimya. Anasema iko kwa mweka hazina.

Mweka Hazina Mstaafu: Mimi? Nilishakabidhi kila kitu mwezi wa tano! Tena kwenye kikundi bado nadai pesa ya viti vya kukodi.

Bi Mkubwa wa St. Paul: Iliyoko kwangu chini ya ngazi ni ya nani basi? Nimeitunza miezi na miezi, naweka vitunguu.

Mwenye uzi: Jamani, kuna yeyote aliyerekodi lile goli la tatu? Mtoto anataka kuliona.

Mpishi wa Burnsville: Bi Mkubwa, hiyo ina masikio mawili, moja limefungwa waya? Nitumie picha sasa hivi.