Mbunge wetu alipiga kura gani? Kahawa, kodi ya mobile money, ukomo wa umri: rekodi inapatikana wapi?

Mkulima_Masaka

Salaam wana jukwaa. Mbunge wetu hapa Uganda amekaa katika Bunge la 10 na la 11, na kila mkutano anarudia mambo matatu: alipinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais 2017, alikataa kodi ya mobile money 2018, na alisimama na wakulima wa kahawa 2024. Wapo wanaompigia makofi, wapo wanaoguna.

Tunataka karatasi moja ya kubandika pale ofisi ya ushirika: muswada, tarehe, kura yake. Kwenye tovuti ya Bunge Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) zipo, ila hakuna mahali unapoandika jina la mbunge ukaletewa kura zake zote. Rekodi ya namna hiyo ipo? Na tufanyeje tusije tukamwandikia mtu kura ambayo hakuipiga?

Msomaji_wa_Hansard

Ndugu Mkulima, haipo, na sababu kubwa si uvivu wa tovuti. Kura nyingi za Bunge letu ni za sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanaitikia, wanaokataa wanaitikia, anatangaza upande ulioshinda, shughuli inaendelea. Katika Hansard utaona mstari mmoja tu: *Question put and agreed to* (hoja imeulizwa na imekubaliwa). Hapo hakuna jina la mtu. Kwa hiyo ukiona mahali pameandikwa kwamba mbunge fulani "alipiga kura ndiyo" kwenye muswada uliopita kwa sauti, jua mwandishi amekisia.

Majina hupatikana pale kura inapohesabiwa, wabunge wakiitwa mmoja mmoja au wakigawanyika pande mbili. Mabadiliko ya Katiba lazima yahesabiwe, maana ibara ya 262 inadai theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Bunge la 11 lilianza na wabunge 529 wenye kura: 353 wa majimbo, 146 wanawake wa wilaya, 30 wa makundi maalumu. Theluthi mbili yao ni 353. Huwezi kuipata namba hiyo kwa kusikiliza kelele.

Fanya hivi. Kwa kila muswada andika kwanza tarehe tatu: kusomwa mara ya pili, hatua ya kamati ya Bunge zima, kusomwa mara ya tatu. Mara nyingine zote zinaangukia siku moja. Fungua Hansard ya kila tarehe, tafuta maneno *Ayes* (ndiyo), *Noes* (hapana) na *Abstain* (hawakuegemea upande). Yasipoonekana kabisa, tafuta *Question put*. Ukiipata peke yake, kwenye safu ya kura andika "sauti" na uache hapo. Faili likikataa kutafuta maneno, huenda kurasa zilipigwa picha tu. Itabidi usome kwa macho, na kura huwa karibu na mwisho wa mjadala wa muswada ule, si mwanzoni mwa kikao.

Sasa hilo la 2017, ambalo lina mtego. Muswada wa Magyezi, ule wa kuondoa ukomo wa umri, ulipigiwa kura tarehe 20 Desemba 2017. Kusomwa mara ya pili: 317 ndiyo, 97 hapana, 2 hawakuegemea upande. Mara ya tatu: 315 ndiyo, 62 hapana, 2 hawakuegemea upande. Ona walivyopungua wa hapana, kutoka 97 hadi 62. Mtu akichukua orodha ya mwisho peke yake, wabunge 35 hivi waliokataa mara ya pili wanageuka "hawakuwepo". Na kati ya kura hizo mbili, kwenye hatua ya kamati, muswada uliongezewa mambo, likiwemo la kurefusha muhula wa Bunge kutoka miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo kura ya kusomwa mara ya pili ilihusu ukomo wa umri, na ya kusomwa mara ya tatu ilihusu ukomo wa umri *pamoja na* miaka saba ya wabunge wenyewe. Hiyo ni mistari miwili kwenye karatasi yako, usiifanye mmoja. Miaka saba ilifutwa na Mahakama ya Katiba iliyokaa Mbale Julai 2018. Ukomo wa umri ukabaki umeondolewa, na Mahakama ya Juu ikaafiki Aprili 2019 kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Majina yenyewe yasome kwa uangalifu. Mbunge anapoanza kuchangia, Hansard hutaja chama, jimbo na wilaya yake; baadaye katika kikao hicho hicho ni jina la ukoo tu. Wawili wenye jina moja wanachanganywa kirahisi. Na usimchanganye mwanamke wa wilaya na mbunge wa jimbo lililo ndani ya wilaya hiyo.

Dada_wa_Busia

Kwenye kodi ya simu nina la kuongeza, maana hapo wabunge wengi huponea.

Mwaka 2018 mambo yalipita mara mbili. Kwanza sheria ya ushuru wa bidhaa iliyoanza kazi 1 Julai: asilimia 1 kwenye miamala ya mobile money, na shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Wananchi wakapiga kelele, muswada wa marekebisho ukaletwa, na baada yake ikabaki asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa tu. Ukitoa 100,000, asilimia 1 ni 1,000 na nusu yake ni 500.

Sasa aliyesema "hapana" kwenye yale marekebisho alikuwa anakataa nini? Wapo waliotaka kodi ifutwe yote, kwa hiyo wakaikataa 0.5. Lakini muswada ungeanguka, ile asilimia 1 ingebaki kwenye sheria. Na aliyesema "ndiyo" anaweza kudai kwa haki kabisa kwamba alipunguza kodi. Ndiyo na hapana peke yake haitoshi. Andika kura ilikuwa juu ya maneno gani hasa ya kifungu kipi. Mheshimiwa akisema "nilikataa kodi", muulizeni: ya mwezi gani, ile iliyoiweka au ile iliyoipunguza?

Miswada ya kodi huamuliwa kifungu kwa kifungu kwenye hatua ya kamati. Kura ya mwisho huwa juu ya furushi zima, na mtu anaweza kukubali furushi huku amepinga kifungu kimoja kwa nguvu. Soma hatua ya kamati hata kama ni ndefu.

Hiyo 200 ya kila siku iliondolewa Julai 2021, ikawekwa asilimia 12 kwenye bando za data. Kura nyingine, mwaka mwingine. Msiziunganishe.

Mkulima_Masaka

Asanteni sana. Swali dogo: siku ambayo jina lake halionekani popote, tuandike "hakuwepo"?

Msomaji_wa_Hansard

Hapana. Hansard haina orodha ya waliohudhuria. Jina kukosekana kwenye kura ya majina kunaweza kuwa na sababu zaidi ya moja:

hakufika kabisa, alikuwa ndani akatoka na wenzake kwa kususia, alikuwa amesimamishwa na Spika (tarehe 6 Novemba 2024, siku ya muswada wa kahawa, walisimamishwa 12), au alikuwa kwenye kiti. Anayeongoza kikao hana kura, hata zikilingana, na zikilingana hoja imeshindwa. Pia kuna mawaziri ambao si wabunge wa kuchaguliwa, wanaozungumza Bungeni lakini Katiba imewanyima kura. Mwanasheria Mkuu Kiryowa Kiwanuka katika Bunge la 11 ni mfano. Wewe unamfuata mbunge wa jimbo, hilo halikuhusu, ila anayetengeneza orodha ya wote huliona kosa hilo mwishoni, hesabu zinapokataa kulingana.

Mimi huandika "alisusia" kando na "haijulikani". Kwa muswada wa UPDF (jeshi letu) wa 20 Mei 2025, upinzani ulitoka nje. Ukiwaandika wote "hawakuwepo" umewaweka kapu moja na aliyekuwa amelala hotelini.

Mzee_wa_Arua

Hapo kwenye kususia sikubaliani nawe sana, ndugu yangu. Kutoka nje si kura. Sheria inahesabu waliohudhuria na kupiga kura; aliyetoka amemrahisishia kazi aliyebaki, isipokuwa pale kutoka kwake kunapoivunja akidi. Akidi ni theluthi moja ya wenye kura, yaani 177 kati ya 529. Na akidi si mapambo: Sheria Dhidi ya Ushoga iliyopitishwa 20 Desemba 2013 ilifutwa na Mahakama ya Katiba 1 Agosti 2014 kwa sababu hiyo tu, akidi haikuwepo na Spika alikumbushwa akaendelea. Kwa hiyo mbunge akisema "tulitoka kwa kupinga", muulizeni kama kabla ya kutoka kuna yeyote aliyesimama kudai wabunge wahesabiwe. Dai hilo likitolewa, Hansard inalionyesha. Mbunge aliyetoka bila kuliuliza, mimi namwandikia "hakupiga kura". Basi.

Msomaji_wa_Hansard

Mzee, hoja ya akidi naikubali. Alama yangu nabaki nayo, ila nitaweka safu ya "akidi iliulizwa?".

Wakili_Mbale

Mkulima, kwa yale yaliyopita kwa sauti bado kuna njia, tena wengi hawaitumii: ripoti za kamati. Muswada huenda kwanza kamatini, na wajumbe hutia saini ripoti. Wasiokubali huandika ripoti ya wachache, nayo huwasilishwa Bungeni. Saini si kura, lakini ni ushahidi wa msimamo wenye jina na tarehe. Mwaka 2022, kwenye marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyoletwa na Muhammad Nsereko, ripoti ya wachache iliandikwa na Gorreth Namugga wa Mawogola Kusini. Huhitaji hesabu ya kura kujua alisimama wapi. Angalieni mbunge wenu yuko kamati gani, mkasome kurasa za saini. Angalizo: saini kwenye ripoti ya wengi wakati mwingine ni ya kuiwezesha ripoti ifike Bungeni tu, halafu mtu huyo huyo akasimama ukumbini kuipinga. Someni vyote viwili.

Mahudhurio ombeni kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia haki hiyo. Barua iende kwa Karani wa Bunge, itaje kikao na tarehe. Usiandike "mahudhurio yote ya mheshimiwa", maana ombi pana ndilo linalokataliwa mapema. Andika "rejesta ya mahudhurio ya kikao cha 6 Novemba 2024" na utaje nakala unayotaka. Wana siku 21 kujibu. Kimya baada ya hapo kinahesabiwa kuwa kukataa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa, bila huo mhuri siku 21 hazina mwanzo.

La mwisho, kuhusu "kokasi (kikao cha wabunge wa chama) ilinifunga mikono", mtalisikia tu. Chama kinaweza kumwadhibu mbunge ndani ya chama, lakini Oktoba 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wabunge wanne waliofukuzwa chama tawala cha NRM mwaka 2013 hawakupoteza viti vyao. Aliyekuwa Bungeni 2017 uamuzi huo aliujua.

Mkulima_Masaka

Basi nimepanga safu hivi: muswada na kifungu, tarehe, hatua, aina ya kura (sauti au majina), kura yake, akidi iliulizwa au la, alichosema kwenye mjadala na ukurasa wa Hansard, saini ya kamati. Ya 2017 ina mistari miwili. Ya kodi nitatenganisha kuiweka na kuipunguza. Kahawa tutaandikaje kama majina hayapo?

Dada_wa_Busia

Muswada wa kahawa ulihusu kuivunja UCDA (mamlaka ya maendeleo ya kahawa) na kazi zake kwenda Wizara ya Kilimo, kwa hiyo usiandike "alipinga kahawa" wala "alitetea kahawa". Andika: "Kuhamisha kazi za UCDA wizarani, 6 Novemba 2024". Soma na vikao vya wiki zilizotangulia, maana mjadala haukuanza siku hiyo. Majina yakipatikana, weka kura. Yasipopatikana, weka maneno yake mwenyewe ukumbini na ukurasa. Kama hakusema neno siku zote hizo, andika "hakuchangia", halafu mpelekee nakala kabla ya kubandika, mumpe wiki moja alete ukurasa wa Hansard unaoonyesha vingine.

Mzee_wa_Arua

Ukurasa wa Hansard, siyo video ya mkutano wa hadhara. Hilo mliandike kwenye barua kabisa.