Jina la Accra lina asili gani?

Swali:
Ndugu zangu, nimesoma kwamba jina la Accra, mji mkuu wa Ghana, linahusiana na siafu. Je, wenyeji walijiita hivyo wenyewe, au walipewa jina na majirani?

Jibu la kwanza:
Walipewa na majirani. Asili yake ni neno la Kiakan "nkran", yaani siafu, ambalo Waakan walilitumia kuwataja Waga, watu wa pwani ile, na wafanyabiashara wa Kizungu wakalitamka kwa namna yao hadi likawa Accra. Wenyeji hujiita Ga, na kiini cha mji wa kale hukiita Ga Mashie. Wapo wanaosema jina hilo la siafu lilitokana na vichuguu vilivyotapakaa eneo hilo. Wengine husema lilitokana na wingi wa Waga walipokuwa wakihamia huko. Mimi naona maelezo ya pili yana uzito zaidi, kwa kuwa jina liliwahusu watu, si ardhi tu.

Jibu la pili:
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila matumizi ya jina hilo nayo yanahitaji uangalifu, kwa kuwa halikuhusu kila sehemu ya jiji la leo. Waingereza walipohamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Cape Coast mwaka 1877, Osu, sehemu ya Accra ya leo penye ngome ya Christiansborg iliyojengwa na Wadenmark, tayari palikuwa na jina na historia yake. Leo Accra ni jiji, ilhali Greater Accra ni mkoa mzima, ukiwemo mji wa bandari wa Tema.

Muuliza swali:
Ahsanteni. Na tahajia ya "Akra"?

Jibu la pili:
Hutumika katika Kiswahili, lakini katika anwani na nyaraka rasmi andika Accra.