Wakunga wazoefu wanaruka slaidi zote, kozi niipangeje?

mleta_mada
Wakuu habari za humu. Nimepewa kozi ya onlaini ya wakunga, mada ni mtoto aliyezaliwa hapumui. Sasa wengine wametoka chuo juzi, wengine wana miaka 18 leba, na hao wa zamani nikicheki ripoti ya Moodle (mfumo tunaoendeshea kozi mtandaoni) wanabonyeza tu, kozi ya saa mbili wanaimaliza dakika 6! Nasikia kuna kozi zinazojibadilisha kumfuata mtu, zinasaidia kweli au mbwembwe za wauzaji? Bajeti hamna.

fundi_kozi
Usiwalaumu mkuu. Mtafiti Kalyuga na wenzake waliliandika hili 2003, maelezo ya hatua kwa hatua yanayombeba mgeni yanamchosha mzoefu, maana kila mstari inabidi aulinganishe na anachokijua tayari. Anza na kesi: mtoto katoka, kalegea, hapumui, unafanyaje? Akipatia aruke moduli. Na hununui kitu, Moodle inakuruhusu kufunga na kufungua sehemu kwa alama za kwizi.

bibi_leba
Hapo kwenye kuruka mdogo wangu mimi napinga, na mkunga ndo mimi. Sisi tulifundishwa ukikuta maji ya uzazi ni ya kijani (mtoto kajisaidia tumboni) na mtoto hajachangamka, umfyonze mpaka koo la hewa kwanza, halafu ndo mambo mengine. 2015 miongozo ya kimataifa ikabadilika, kumfyonza kila mtoto wa hivyo si lazima tena, unawahi kumpa hewa ndani ya ile dakika ya kwanza. Mimi kwenye kwizi nilijibu la zamani bila hata kufikiri, na kwa vile mengine yote nilipatia nikafaulu, nikarushwa mbele na kosa langu mfukoni.

fundi_kozi
Duh, shikamoo mama, umenipata. Basi mleta mada, kwenye Moodle kuna kwizi inayomuuliza mtu ana uhakika kiasi gani. Uhakika wa juu ukipatia unapata 3, ukikosa unakatwa 6. Aliyebahatisha akakosa mrudishe kwenye somo la kawaida, ila aliyekosa huku kajiamini usimpe slaidi, mpe kesi hiyohiyo aone nini kimebadilika na kwa nini.

mleta_mada
Kukatwa 6! Matroni atanipigia simu usiku. Ila najaribu, naanza na swali la bibi. Ambubegi (ule mfuko wa kumpa mtoto hewa) tutaifanya laivu kwenye mdoli, maana ufundi wa mkono haufundishwi kwa kubonyeza.

bibi_leba
Marahaba fundi. Na huyo matroni mwanzishie yeye kwizi.