Kuuliza jina la ndege bila kuwachosha watu

Mgeni wa Nakuru: Habari zenu wakuu. Nikituma picha ya ndege kuuliza jina, narudishiwa maswali tu. Niandike nini ili nisaidiwe haraka?

Kando ya Ziwa: Mahali, tarehe, saa, na alichokuwa akifanya. Halafu tuonyeshe mdomo na miguu, maana rangi ya manyoya hudanganya jua likikaribia kutua. "Heroe (flamingo), Ziwa Nakuru" haitoshi, maana wapo wa aina mbili: heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, karibu mweusi, heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Ukiukata mdomo kwenye picha, sisi tunabahatisha. Na tafadhali usiongeze rangi kwa programu ya simu.

Mwana Dunga, Kisumu: Ukishajibiwa usifute swali, mwingine atalihitaji. Linaloniudhi zaidi ni kutaja mahali hasa palipo na kiota. Wapiga picha hujazana, mzazi anaruka, mayai yanapoa au kunguru anayala. Sema "mafunjo ya Dunga", inatosha. Wala usicheze sauti ya ndege kwa simu msimu wa kutaga. Anaacha makinda kwenda kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.

Mgeni wa Nakuru: Asanteni sana. Saa na mahali nimeshaongeza, na picha ninayo nzima, haijakatwa.