Naomba ushauri: dawa ya mzio kwa mgonjwa wa saratani ya ngozi

Habari za mchana wakuu. Mama yangu yupo Kongwa, amekutwa na melanoma (aina ya saratani ya ngozi) chini ya unyayo. Kidoa cheusi tulichodhani ni mwiba wa mgunga, mpaka kikaanza kutoa maji. Kaandikiwa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam.

Sasa mdogo wangu kasoma kwamba dawa za mzio zinaua seli za saratani hiyo, kanunua loratadini hapa Majengo, anataka mama anywe mbili mbili. Najua terfenadini, dawa nyingine ya mzio, ilizifanya seli hizo zijiue zenyewe, ila ni maabara, na baadaye ikaondolewa sokoni kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Na mama ana presha! Nimzuieje bila ugomvi? Daktari tumwulize nini kwanza?