Kadi ina foleni nane, mbona kiini kimoja tu ndicho kinachochemka?

ruta_ya_usiku:
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya Linux ninayoitumia kama ruta. Prosesa ina viini 8, kadi za mtandao ni mbili za aina moja, kila moja na foleni 8 za kupokea (pakiti zinapofika husubiri humo hadi zichukuliwe). eth0 inaelekea kwa mtoa huduma kwa PPPoE (njia inayozifunga pakiti za IP ndani ya kichwa cha ziada), eth1 ni ya ndani.

Watumiaji wakizidi, nikifungua top na kubonyeza 1, kiini 0 kwenye "si" (asilimia ya muda unaokwenda kwenye intarapti laini, ikiwemo kazi ya pakiti) kinakaribia 100, ksoftirqd/0, mchakato wa Linux unaofanya kazi hiyo, iko juu kabisa ya orodha, viini saba vilivyobaki vimelala. Kupakua kunagota hapo. Kupakia hakuna shida.

Kwenye /proc/interrupts, intarapti (ishara za kadi kuita prosesa) za eth1 zimesambaa foleni zote. Za eth0 ni foleni 0 peke yake, nyingine namba hazisogei. irqbalance, programu ya kugawa intarapti kwa viini, inafanya kazi, na ethtool -l inaonyesha foleni 8 kati ya 8. Naanza kuamini eth0 ni mbovu. Niagize nyingine?

mchota_pakiti:
Usiagize kitu, mkuu. Jibu umelileta mwenyewe: kadi ni za aina moja, moja inagawa, nyingine haigawi, na kinachozitofautisha ni PPPoE.

Kadi haigawi pakiti ovyo. Katika RSS (kadi yenyewe kugawa pakiti kwenye foleni) inasoma anwani za IP za pande zote mbili na namba za poti, inazipiga heshi (hesabu inayozigeuza kuwa namba moja), halafu biti za mwisho za heshi hiyo zinachagua nafasi kwenye jedwali linalotaja foleni (ethtool -x eth0 utaliona). Sasa pakiti ya PPPoE ikifika, kadi inakuta aina ya fremu ni 0x8864, si 0x0800 ya IPv4. IP imo ndani, bahasha ndani ya bahasha, na kadi nyingi hazina habari na bahasha ya pili. Hakuna heshi, basi kila kitu foleni 0. Kupakia kunakwenda vizuri kwa sababu pakiti hizo zinaingilia eth1 zikiwa IP tupu.

irqbalance usiilaumu wala usiitegemee. Inaweza kuihamisha intarapti ya foleni kutoka kiini hiki kwenda kile. Kuipasua foleni moja iwe mbili haiwezi.

Kinachobaki ni kugawa ndani ya kerneli yenyewe, yaani programu kuu ya Linux. Ugawaji huo unaitwa RPS, na umo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.35 la mwaka 2010, kazi ya Tom Herbert wa Google. Kiini kinachopokea intarapti kinachota pakiti kwenye kadi, kerneli inapiga heshi yake, kisha pakiti inawekwa kwenye foleni ya kiini kingine na kiini hicho kinaamshwa. Na kerneli, tofauti na kadi yako, inajua kuvuka kichwa cha PPPoE hadi ifike kwenye IP.

`echo fe > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus`

Hiyo fe ni heksadesimali, biti moja kwa kila kiini, na biti ya kiini 0 nimeizima makusudi. Naona watu wanaandika ff kila mahali, halafu wanashangaa kiini 0 bado kinapumua kwa shida. Kile tayari kina kazi ya kuchota. Ukikirundikia na ya kuchakata umerudi ulikotoka. Kisha ibane intarapti hiyo kwenye kiini 0 kupitia smp_affinity_list chini ya /proc/irq, na uikataze irqbalance kuigusa, la sivyo itaipeleka kwenye kiini ulichokwisha kukipa mzigo.

baiti_moja:
Samahani kuingilia. Kwa nini kerneli isigawe pakiti kwa zamu tu, moja kiini 1, inayofuata kiini 2? Mzigo ungelingana sawasawa. Na RFS je, nimeona inasifiwa kuliko RPS.

mchota_pakiti:
Ungelingana, ndiyo, na TCP ingekulilia. Pakiti mbili za muunganisho mmoja zikienda viini tofauti, ya pili inaweza kumaliza kabla ya ya kwanza. Mpokeaji akiona pengo anarudia ACK (uthibitisho wa kupokea) ile ile, na kwa kawaida ACK tatu za marudio zinamtosha mtumaji kudhani kuna pakiti imepotea, anapunguza kasi. Ndiyo maana heshi: muunganisho mmoja, kiini kimoja, mpangilio haupotei.

RFS inapeleka pakiti kwenye kiini ambako programu inayoisubiri inaendeshwa, ili data ikutwe kwenye kashe (kumbukumbu ya haraka) ya kiini hicho. Kwa seva ni jambo zuri sana. Ruta haina programu inayosubiri pakiti hizo, zinapita tu, kwa hiyo achana nayo hapa.

ruta_ya_usiku:
Mkuu, nimeweka fe na kubana intarapti. Viini vyote sasa vinafanya kazi, kupakua kumepanda. Mambo mawili: kwenye /proc/net/softnet_stat (takwimu za pakiti, mstari mmoja kwa kila kiini) safu ya tatu ya mstari wa kwanza bado inaongezeka. Pia kuna nakala rudufu inayoingia kila usiku kwa handaki moja la IPsec (muunganisho uliosimbwa), yenyewe bado inajaza kiini kimoja.

mchota_pakiti:
Safu ya tatu ni mara ambazo kiini kilikatishwa kwa kuishiwa bajeti huku pakiti bado zipo. Bajeti hiyo, kiasi cha kazi kwa zamu moja, kwa kawaida ni pakiti 300 au muda mfupi uliowekwa kwenye netdev_budget_usecs, chochote kitakachotangulia. Panda hadi 600 kwenye net.core.netdev_budget, na netdev_budget_usecs uipandishe pia, maana ukigusa moja nyingine itakukatisha vilevile. Ya kuhofia ni safu ya pili: hizo ni pakiti zilizotupwa kwa sababu foleni ya kiini lengwa ilijaa. Namba ni heksadesimali, usizisome kama za kawaida. Ikisogea, pandisha net.core.netdev_max_backlog, kwa kawaida ni 1000.

Handaki lako ni muunganisho mmoja kwa macho ya heshi: anwani mbili zile zile usiku kucha. RPS haitaligawa hata ukiwa na viini 64. Ama ugawe nakala hiyo kwenye mahandaki kadhaa yenye anwani tofauti, ama ujaribu WireGuard, aina nyingine ya handaki lililosimbwa, ambayo hugawa kazi ya kufungua usimbaji kwa viini vyote na kuzipanga pakiti upya kabla ya kuzitoa. Mimi ningeanza na WireGuard.