Naomba ushauri: zamu yangu ya kuongoza sala kazini imefika, na mimi siamini

Wandugu, naomba mawazo yenu. Niko Lubumbashi, na huu ni mwaka wa tatu tangu imani initoke. Kimya kimya, bila ugomvi na mtu. Nyumbani anayejua ni yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, peke yake.

Shida ni kazini. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tunasimama duara, mmoja anaongoza sala kabla ya kugawana kazi. Mimi huinamisha kichwa, nahesabu vigae vya sakafu, na "amina" naitoa pamoja na wenzangu. Hainiumi. Kwenye kilio, sala ya pamoja hata naipenda, inashika watu.

Sasa shefu ametundika orodha ya zamu mlangoni. Jumatatu ijayo ni mimi. Kuinama ni adabu tu; lakini kusema "Baba yetu" kwa sauti mbele ya watu kumi na mmoja, wakati siamini, hapo naona nawadanganya wao.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006 naijua: kifungu cha 1 kinasema taifa halina dini, cha 22 kinalinda uhuru wa dhamiri. Ila hii ni kampuni ya mtu, na nikienda na Katiba mkononi nitaitwa mtu wa shetani kabla ya saa sita. Mkataba wangu nao unakaribia kuisha.

Niombe kubadilishana zamu? Zamu itarudi tu. Au niongoze dakika moja ya kimya, kila mtu aombe moyoni? Waliopitia haya, mlifanyaje?